Milango Saba Hadi Ngazi

Jirani yangu Avril Threlfall aliishi miaka arobaini na sita bila kulala hotelini hata usiku mmoja. Haikuwa shida ya fedha. Mumewe, Neville, alikuwa fundi wa madirisha ambaye kazi zilimfuata hadi nyumbani, na kila kiangazi walifunga mizigo wakaondoka kama watu wote wa mtaa wetu hapa Stockport. Lakini walilala kwenye hema, au kwenye karavani ya shemeji yao, kijumba cha kuvutwa na gari, huko Wales, au sebuleni kwa dada yake Neville. Hata fungate yao waliila ndani ya hema lililovuja. Ukimwuliza kisa, Avril alijibu upesi, "Hoteli zinanitia mafua," kisha akakuuliza habari za watoto wako.

Sababu yenyewe Neville aliijua, au alidhani anaijua. Mwaka 1978, Avril akiwa na miaka kumi na minane, alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli kongwe ya ghorofa nne kwenye mji mmoja wa ufukweni, pwani ya Yorkshire. Alasiri moja ya Septemba mafuta ya chipsi yalishika moto jikoni. Kengele haikulia. Avril alikuwa ghorofa ya tatu akitandika vitanda, akaona moshi unapita chini ya mlango. Alishuka kwa ngazi za nyuma, akatokea uani akiwa peku, ameukumbatia mto ambao hakukumbuka kuuchukua. Hoteli iliungua yote. Alikufa mtu mmoja, mpangaji wa kudumu aliyeitwa Bi Ormerod, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili.

Hayo Neville aliambiwa kabla hawajaoana, na hakuyagusa tena. Kila chumba walicholala, iwe karavani au kwa dada yake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulifungua dirisha na kumwonyesha mkewe kwamba linafunguka.

Basi Neville alipostaafu, binti yao Janine akawapa zawadi ambayo hakujua uzito wake: safari ya gari ya siku nne, kila siku mji wake na hoteli yake. Carlisle, Edinburgh, Newcastle, Lincoln, kisha nyumbani. Kila kitu kimeshalipwa.

Siku ile ile Avril alikuja uani kwangu. Mimi nimeishi pembeni yake miaka ishirini na miwili, na jina langu, Mwanakombo, lilimshinda tangu wiki ya kwanza.

"Kombo," aliniambia, "mimi nitakufa."

"Kwa safari ya siku nne?"

"Kwa safari ya siku nne."

"Si umwambie Neville hutaki?"

"Nimwambie vipi? Hebu mtazame."

Nilichungulia juu ya ua. Neville alikuwa anaosha gari, na alikuwa analiimbia.

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Akimaliza wimbo."

Hakucheka. Nilimtazama mikono nikaona ameikunja kama mtu aliyeshika kitu cha moto, nikajuta kufanya mzaha.

Waliondoka Jumapili ya katikati ya Juni. Haya ninayosimulia niliyapata kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupingana ila kuhusu soseji.

Hoteli ya Carlisle ilikuwa karibu na stesheni, zulia jekundu mlangoni, ghorofa ya tatu. Neville alijitupa kitandani na viatu vyake akasema hiki ndicho kitanda. Avril alitoka chumbani akasimama ukumbini, kwenye njia ndefu ya milango. Alihesabu milango kutoka chumbani kwao hadi ngazi za dharura: kumi na moja, na kona mbili. Akarudi, akafumba macho, akahesabu tena kwa kupapasa ukuta, maana kwenye moshi huoni. Alipofika mlango wa nane, ulifunguka, na bwana mmoja mwenye mswaki mdomoni akamkuta mwanamke amemwekea kiganja kifuani.

"Samahani," Avril alisema. "Wewe ni wa nane."

Akarudi chumbani, akaenda dirishani. Lilifunguka upana wa kiganja, likagoma.

"Ni kizuizi tu, mpenzi," Neville alimwambia. "Wanaweka ili watu wasianguke."

"Na wanaotaka kutoka?"

"Kutoka waende wapi? Hii ni ghorofa ya tatu."

Hilo halikuwa jibu la kumpa. Usiku ule Avril alilala kwenye gari, kiti amekilaza nyuma na koti juu yake. Asubuhi shingo ilikuwa imepinda. Alimkuta mumewe kwenye chumba cha kifungua kinywa, mbele yake soseji, mayai, maharage na mkate wa kuchoma, uso wake umejaa aibu ya mtu aliyelala vizuri.

"Mimi naipa saba kwa kumi," Neville alisema, akijaribu kuchangamsha. "Soseji safi. Chai ndiyo dhaifu. Wewe je?"

"Mbili."

"Mbili! Kwa kitanda ambacho hukukilalia?"

"Sikipi alama kitanda. Naupa alama mlango."

Pale pale Neville akatoa daftari alilokuwa akiandikia vipimo vya madirisha ya watu, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wake: kitanda, chakula, chai, maji ya kuogea. Upande wa mkewe: milango, dirisha, ngazi, kengele. Alidhani kwamba hofu ikiandikwa itapungua. Kwa Avril ilikuwa kinyume. Kila alichokiandika kilimtazama kutoka kwenye karatasi.

Edinburgh waliomba chumba cha chini. Walipewa kimoja cha nyuma, kidogo, chenye harufu ya kuta za mawe, na dirisha lake lilifunguka lote kwenye kibustani. Avril alivua koti, akapanda kiti, akatoka dirishani, akarudi ndani, akatoka tena. Mara ya tatu aliinua macho akaona mtu na mkewe wameketi kwenye meza ya bustanini, vikombe vya kahawa vimesimama hewani.

"Umepoteza ufunguo, bibie?" yule mwanamume aliuliza.

"Hapana. Nafanya mazoezi."

Neville alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaiona mikono ya mkewe jinsi inavyoking'ang'ania kizingiti cha dirisha, naye akaacha kucheka ghafla. Aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza. Hakuogopa moto. Aliona kwamba alikuwa ameishi na mtu huyu miaka arobaini na mmoja na kumbe kuna chumba ndani yake ambacho hajawahi kukiingia.

Avril alilala kwa muda wa saa tatu, viatu mguuni. Akaipa hoteli saba. Neville aliipa nne: maji ya kuogea baridi, na uji wao wameutia chumvi.

Newcastle ilikuwa jengo jipya la vioo kando ya mto, ghorofa ya sita, lifti zinazong'aa. Avril alipanda kwa ngazi, akapumzika kila ghorofa. Walipofika juu alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dharura mwisho wa ukumbi. Hakuufikia. Mbele yake yalikuwa yamesimamishwa magodoro yapata kumi, na kando yake makapu mawili ya chuma yenye magurudumu, ya kubebea mashuka, yamejaa hadi juu.

Meneja, waliyemkuta chini mapokezi, alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Aliwasikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Ni kwa muda tu, madamu."

"Muda gani?"

"Mpaka lori lije kuyachukua. Kesho, au kesho kutwa."

"Na moto nao utasubiri lori?"

Kijana akatabasamu, akamtazama Neville kama mwanamume anayemwomba mwanamume mwenzake msaada. "Jengo hili halijawahi kupata moto tangu lifunguliwe."

"Hata ile yangu haikuwahi," Avril alisema. "Miaka themanini. Haikuwahi hata siku moja, mpaka siku ile."

Sauti yake ilikuwa imepanda. Watu waliokuwa mapokezi waligeuka. Neville alimshika kiwiko. "Avril, polepole, mpenzi. Wanatutazama."

"Waache watazame."

Neville alikuwa na haya tangu utotoni, mtu wa kulipa na kuondoka hata akipewa chai yenye nzi. Lakini aliwaacha pale, akapanda lifti hadi ghorofa ya sita, akaenda kuyasukuma yale makapu. Alisukuma kwa bega. Hayakusogea hata kidogo. Gurudumu la kapu moja lilikuwa limevunjika. Alisimama pale akijaribu kufikiria ukumbi ule ukiwa mweusi kwa moshi, na mkewe yuko upande huu. Aliposhuka alikuwa amebeba masanduku yote mawili.

"Tunaondoka," alimwambia meneja. "Na mke wangu anapiga simu zimamoto. Mpe namba ya ghorofa vizuri, Avril, wasije wakapotea."

Avril alipiga akiwa amesimama palepale mbele ya meza ya mapokezi. Waliondoka jioni ile ile, wakalala garini kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu, wakala sandwichi za mayai. Daftarini wote wawili waliandika sifuri, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu Carlisle.

Kwa hiyo walipofika Lincoln siku ya nne, Avril alikuwa hajalala kitu cha maana kwa siku tatu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Neville alimwambia, "Twende nyumbani tu. Nitamwambia Janine gari limeharibika." Lakini Avril alikataa. Alisema amebakiza moja, na akirudi bila hiyo moja ataiona kila akifumba macho.

Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu kwenye mtaa unaopanda kilima kuelekea kanisa kuu, vyumba visivyozidi ishirini. Aliyewapokea ni mama wa makamo aliyeitwa Hettie, miwani imening'inia kifuani. Kabla Avril hajafungua mdomo, Hettie alisema, "Tuna ngazi mbili, za mbele na za nyuma. Mlango wa dharura ule pale. Njoo uusukume, bibie, nione kama mkono wako unauweza. Wengine husema mzito."

Avril aliusukuma. Ulifunguka taratibu, na nje palikuwa na ua, waridi, na hewa.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili. Milango saba hadi ngazi, hakuna kona. Dirisha lilifunguka lote. Avril aliketi kitandani, akaandika tisa kabla hata hajavua viatu.

"Moja umeinyima kwa nini?" Neville aliuliza.

"Mazulia. Maua mengi mno, yanaumiza macho."

Neville aliona kitu kama mzaha kimerudi usoni mwake, akafurahi. Akamwambia ajinyooshe kidogo, yeye anashuka kunywa chai na kula keki. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limejaa chumbani. Avril alivua viatu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akalala juu ya shuka.

Alikuwa katikati ya kusinzia kengele ilipolia.

Aliniambia kwamba hakusikia mlio. Alisikia mwili wake ukisimama. Alijikuta ukumbini, viatu mkononi. Mlango mmoja ulifunguka, akatoka kijana aliyejifunga taulo, nywele zinadondosha maji.

"Ni majaribio tu," kijana alisema. "Kila Jumanne wanapiga."

"Leo Jumatano."

"Basi wamechelewa." Akacheka, akasimama pale pale. Mwanamke mwingine alichungulia, akasema anamalizia kupaka rangi kucha, atashuka ikiendelea kulia. Kisha harufu ikaja. Si mkate ulioungua. Ilikuwa harufu ya nguo zinazoungua, nzito, na Avril aliijua. Kijana wa taulo naye akaisikia, akakimbia. Yule wa kucha akakimbia na kidole kimoja juu.

Avril alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka pembeni ya lifti. Tano, sita, saba. Mlango wa ngazi ulifunguka kama Hettie alivyosema. Alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu.

Nyuma yake mtu alikuwa anagonga.

Ilikuwa sauti ndogo. Ngumi juu ya mbao, mara tatu, kimya, mara tatu. Chini kulikuwa na ua na waridi, na Neville bila shaka amesimama anamtafuta kwa macho. Avril alishuka ngazi ya nne na ya tano. Miguu yake ilijua kazi hii; ilishawahi kuifanya. Akafika ya sita na akashika ukuta, kwa sababu aliona wazi kabisa kwamba akishuka ya saba, atakuwa anashuka mpaka afe.

Aligeuka. Aliniambia hakuwa na ujasiri hata punje, alikuwa amejikojolea, na nilisimulie hilo pia nikisimulia. Alirudi ukumbini akiwa anaegemea ukuta, moshi sasa umemfika kifuani, akausikiliza kila mlango. Ulikuwa wa nne.

"Kuna mtu?" sauti ya mwanamke ilitoka chini kabisa, karibu na sakafu. "Jamani, kuna mtu hapo?"

"Nipo. Fungua mlango!"

"Siwezi. Nimeanguka. Nimeuziba mlango kwa mwili wangu, na nyonga... nyonga imekwenda. Kitasa sikifikii."

Avril alisukuma. Mlango ulikuwa umejifunga, na bila kadi ya kuufungulia hata ufa haukutoa. Alipiga kelele kuelekea ngazi mpaka koo likawaka. "Chumba kumi na nne! Leteni ufunguo wa kumi na nne! Kuna mtu!" Chini kabisa sauti ya kiume ilijibu, "Kumi na nne!" Alikuwa ni yule kijana wa taulo.

Sasa kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Avril aliketi chini, mgongo mlangoni, uso karibu na zulia ambako bado kulikuwa na hewa.

"Umeondoka?" sauti iliuliza.

"Sijaondoka."

"Naomba usiondoke."

"Nimekaa chini kabisa. Ukigonga nitausikia mgongoni. Jina lako nani?"

"Merle. Merle Sandiford."

"Mimi Avril. Merle, kuna taulo karibu nawe?"

"Nimevaa taulo. Ndiyo nguo yangu yote."

"Livue uzibe chini ya mlango, lakini niachie upenyo wa kuongea."

"Wanaume wa zimamoto watanikuta uchi, mtoto wa watu, miaka sabini na tatu!"

"Watakuwa wameona makubwa zaidi."

Merle alicheka, kisha akalia kwa maumivu ya kucheka. Avril alisikia kucha zake zikikwaruza upande wa pili. Akapenyeza vidole chini ya mlango, na vidole vingine, baridi na vyenye maji, vikavishika. Kengele ilikuwa bado inalia. Avril alifumba macho, akawa anamwuliza Merle anatoka wapi, ana watoto wangapi, na hakusikia jibu hata moja ingawa alijibiwa yote.

Haikuzidi dakika tano. Hettie alitokea na kadi, kitambaa puani, na nyuma yake Neville, mwenye magoti mabovu, ambaye alikatazwa kupanda na akapanda. Waliusukuma mlango kidogo kidogo, Neville akapita kwa ubavu, wakamkalisha Merle kwenye kiti, blanketi mabegani, wakamshusha ngazi za nyuma watu watatu. Walikutana na zimamoto katikati. Moto ulikuwa chini, kwenye chumba cha mashine za kukaushia nguo, na waliuzima kabla haujatoka mle. Hakuna aliyekufa. Nyonga ya Merle ilikuwa imevunjika kweli.

Uani, Avril alikaa juu ya majani.

"Mara hii nimerudi," alisema. "Nev, mara hii nimerudi."

Neville alimfunga koti lake kiunoni. Lakini neno alilisikia.

Walirudi nyumbani jioni ile, jua la Juni bado liko juu. Kwenye barabara inayovuka milima, mahali ambapo hakuna kitu ila kondoo na kuta za mawe, Neville aliegesha gari pembeni.

"'Mara hii,'" alisema. "Ulisema mara hii. Ina maana gani?"

Avril alilifungua dirisha la gari lote.

"Aligonga, Nev."

"Nani?"

"Bi Ormerod. Mlango wake ulikuwa unagoma, kila mtu alijua. Nilikuwa napita ghorofa ya pili, nikamsikia. Aliita jina langu. Alijua ni mimi kwa mwendo wangu. Nikaendelea kushuka."

Neville alizima injini.

"Kwenye uchunguzi wa kifo chake waliponiuliza," Avril aliendelea, "nilisema sikusikia kitu."

"Uliapa?"

"Niliapa."

Neville alifungua mlango, akatoka, akaenda kusimama kwenye ukuta wa mawe, mgongo kwake. Avril alisema hapo ndipo alipoogopa kuliko Lincoln. Moto unajua unataka nini. Mgongo wa mumewe hakujua unataka nini. Alikaa akiutazama, akihesabu bila sababu mawe ya ukuta, mpaka aliporudi.

"Miaka arobaini na mmoja," Neville alisema, "nakufungulia madirisha nikidhani unaogopa moto."

"Naogopa moto."

"Ulitakiwa uniambie."

"Ungenioa?"

Neville aliwasha injini. Waliendesha moja kwa moja mpaka nilipoona gari lao likiingia mtaani. Siku mbili Neville alilala chumba cha wageni. Ya tatu alirudi kulala chumbani kwao, na asubuhi nilimkuta kwenye mapipa ya taka, hajanyoa.

"Sikukasirika kwamba alikimbia, Kombo," aliniambia, ingawa sikuwa nimemwuliza. "Ningekimbia na mimi. Nimekasirika kwamba yeye alikuwa macho usiku kucha na mimi niko pembeni nakoroma."

Ni yeye Neville aliyetafuta jamaa za marehemu. Bi Ormerod alikuwa na mtoto wa kaka yake, Gerald, bado yupo hai, Skipton. Avril aliandika barua Julai. Aliandika kila kitu: mlango, jina lake kuitwa, kiapo. Aliichana mara nne, ya tano akaniomba niipeleke mimi posta, kwa sababu alijua yeye akifika kwenye sanduku atageuka.

Jibu lilichukua wiki tatu. Liliwekwa nyuma ya kopo la chai likakaa siku nne. Siku ya tano aliniita jikoni kwake. Neville alikuwa amesimama kando ya beseni, mikono kifuani.

"Wewe soma," Avril aliniambia. "Yeye sauti itamkatika."

"Kama ni mabaya?"

"Soma hivyo hivyo. Usiruke."

Nilifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima, umesimama wima. Nilisoma:

"Bi Threlfall, barua yako nimeisoma mara tatu. Siwezi kukuambia kwamba si kitu, kwa hiyo sitasema. Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliniambia shangazi alikufa usingizini. Nilipokua nilijua haiwezekani, ilikuwa alasiri, lakini niliogopa kuuliza. Sasa najua alikuwa macho, na inaniuma."

Nilisita. Avril alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Endelea."

"Lakini picha zake zote ziliungua pamoja naye, na waliomjua wamekwisha. Wewe ulikuwa unaingia chumbani kwake kila siku. Kama unaweza, naomba uniandikie alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa anasoma nini. Alikuwa anacheka? Sikumbuki alikuwa anachekaje. Wako, Gerald Ormerod."

Nje kulikuwa na mtu anakata majani na mashine. Avril aliichukua barua mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe toka mwanzo, midomo ikitembea. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Nev, nipe karatasi. Zile zisizo na mistari."

Aliandika mchana wote. Mara mbili aliinuka kwenda kusimama mlangoni apumue, mkono juu ya kitasa, akarudi. Nilipokwenda kuaga nilichungulia begani mwake nikaona mstari wa kwanza, herufi zake zinapanda na kushuka: "Alikuwa mkali, na alikuwa ananifokea kila nilipogusa vitabu vyake, lakini siku za mvua alikuwa ananifungia mlango kwa ndani, ananisomea kwa sauti, ili mama mwenye hoteli asijue kwamba sifanyi kazi."